Kuosha uso katika joto la Muscat: Ngozi yenye chunusi isiyostahimili ukali

Wasikilizaji wanaoishi Muscat, mji mkuu wa Oman, wanalijua vyema jambo hili: kuanzia mwezi wa Mei, mfereji wa maji ya baridi hutoa maji ya moto. Matangi huwekwa juu ya mapaa, jua huyapiga mchana kutwa, na ifikapo alasiri maji yanayoshuka bafuni huweza kuunguza mkono. Katika majumba mengi watu huzima hita mwanzoni mwa kiangazi na kuyatumia maji yaliyotulia ndani yake, kwa kuwa hita imo ndani ya nyumba, mbali na jua, na hivyo maji yake ndiyo huwa ya baridi. Mwishoni mwa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulioko kusini mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24 nzima, usiku ukiwemo.

Kwa mwenye ngozi ya uso inayotoa chunusi, na ambayo wakati huohuo huwasha na kubabuka upesi, hali hiyo ni mtihani wa kila siku. Nje kuna jua, vumbi na unyevunyevu wa bahari. Jasho humtiririka kabla hajafika garini. Ndani kuna viyoyozi vinavyoikausha hewa kuanzia ofisini hadi chumbani. Uso hung'aa kwa mafuta, lakini mwenyewe huhisi ngozi imekaza kama imevutwa. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba uso wake ni mchafu, na kwamba dawa yake ni kuusugua zaidi.

Wataalamu wa maradhi ya ngozi wanaeleza kuwa dhana hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Chunusi haianzii juu ya ngozi. Chini ya kila kinyweleo mna tezi ndogo ya mafuta, na tezi hizo huchangamka zaidi pale homoni zinapobadilika, hususan wakati wa kubaleghe, lakini pia kwa wanawake wengi wa umri wa miaka 20, 30 na hata zaidi. Mafuta hayo yakikutana na chembe za ngozi iliyokufa ambazo hazikutoka ipasavyo, tundu la kinyweleo huziba. Bakteria ambao kwa kawaida huishi hapo bila ya madhara huongezeka, mwili nao hujihami, na matokeo yake ni uvimbe, wekundu na usaha. Hata kile kidoa cheusi kinachoonekana puani au kidevuni si uchafu: ni mafuta na chembe za ngozi pamoja na rangi ya asili ya mwili, vilivyogeuka weusi baada ya kukutana na hewa. Sabuni haifiki huko chini, hata mtu akisugua vipi.

Kinachofikiwa na sabuni ni utando wa juu kabisa wa ngozi, na huu una kazi kubwa. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Kijerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliuelezea kuwa ni joho la tindikali linaloifunika ngozi. Katika kipimo cha tindikali na alkali, ambapo 7 ndiyo katikati, ngozi yenye afya iko karibu na 5, yaani upande wa tindikali kidogo. Hali hiyo husaidia kuzuia vijidudu na kuyahifadhi mafuta yanayoziunganisha chembe za ngozi mithili ya udongo baina ya mawe ya ukuta. Sabuni ya kawaida ya kipande, hata ile ya mafuta ya zeituni inayosifiwa sana katika nchi za Kiarabu, iko kwenye 9 au 10. Ngozi iliyo imara hujirekebisha baada ya saa chache. Ngozi iliyo dhaifu hubaki wazi, ikipoteza maji na kuchonyota kwa kila kinachoigusa.

Madaktari wa Marekani, Otto Mills na Albert Kligman, walifika mbali zaidi. Katika mwaka 1975 walieleza juu ya watu ambao chunusi zao zilizidishwa na kuoga uso kwa sabuni mara nyingi mno kwa siku. Ugonjwa wenyewe wakaupa jina linalotokana na usafishaji. Kwa upande mwengine, utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2006, uliowahusisha wanaume wenye chunusi, uliwagawa katika makundi ya wanaoosha uso mara moja, mara mbili na mara nne kwa siku kwa sabuni laini. Waliopata nafuu zaidi ni wale wa mara mbili. Utafiti huo ulikuwa wa watu wachache, lakini unaafikiana na ushauri unaotolewa na madaktari wengi hadi leo: asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi.

Hapa huzuka suali ambalo kwa wakaazi wa Muscat, na kwa Waislamu wa mwambao wote wa Afrika Mashariki, ni la lazima. Mwenye kutia udhu kwa kila sala huosha uso mara tano kwa siku, na kila mara huweza kuwa ni michoto mitatu ya maji. Je, si kuosha kupita kiasi? Jawabu ni kwamba maji matupu hayana ukali wa sabuni. Tatizo hutokea pale mtu anapougeuza kila udhu kuwa fursa ya kupaka sabuni iliyoko pembeni mwa sinki, mara nyingi sabuni ya mikono yenye manukato makali, au anapofuta uso kwa nguvu kwa karatasi ngumu za msikitini au ofisini. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika inamfaa atumie maji peke yake katika udhu, ayaache yakauke au ayagongegonge kwa kitambaa safi, na akihisi ngozi imekaza apake krimu nyepesi. Wako pia wanaoacha kabisa kupaka krimu ya mchana kwa kuhofia kuwa maji ya udhu hayatafika kwenye ngozi. Wanazuoni wengi hutofautisha baina ya kitu kinachoweka tabaka juu ya ngozi na krimu inayonywewa na kubaki unyevu tu; anayetatizika na hilo ni vyema amuulize anayemwamini katika dini, kuliko kuuacha uso ukaungua.

Muscat ina jambo jengine la kipekee. Ni mji ambao urithi wa urembo wa pande mbili za bahari hukutana katika kabati moja la bafuni. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani, familia nyingi zenye asili ya Oman zilizokuwa zikiishi Zanzibar na sehemu nyengine za Afrika Mashariki zilirejea, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya nyumbani katika mitaa mingi ya mji huo. Pamoja na lugha ilikuja liwa, unga wa msandali unaosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na maji, ambao wazee waliwapaka watoto waliotoka harara. Ilikuja pia singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo vilivyokaushwa na kutwangwa, waridi, asumini, karafuu na vyenginevyo, ambao bi harusi husingwa nao mwili mzima. Oman kwa upande wake ina maji ya waridi ya Jabal Akhdar, yanayotonwa milimani kila masika maua yanapochanua, ina ubani wa Dhofar ambao baadhi ya watu huuroweka usiku na kunawia maji yake, na ina majani ya mkunazi yaliyosagwa, sidr kwa Kiarabu, ambayo yakikorogwa na maji hutoa povu. Yote hayo hupatikana katika soko la Muttrah kwa mwendo wa dakika chache.

Hakuna sababu ya kuvidharau vitu hivyo, lakini inafaa kila kimoja kitazamwe kwa ngozi inayohusika. Singo ni ya kusugua. Juu ya mgongo au mikono yenye ngozi nzima huondoa taka na kuacha harufu nzuri. Juu ya shavu lenye chunusi zilizoiva, punje zake hupasua vichwa vya chunusi, huingiza mafuta ya karafuu katika vidonda na kusambaza uvimbe. Maji ya waridi hupoza, ila harufu ile inayopendwa inatokana na mafuta yenye viini ambavyo ni miongoni mwa vinavyoweza kuiwasha ngozi isiyostahimili. Liwa iliyo safi ni pole zaidi, hasa ikipakwa na kuoshwa bila ya kusuguliwa. Lakini unga wa dukani huenda umetiwa manukato au rangi. Majani ya mkunazi yana povu la asili, nayo baadhi ya watu hupatana nayo, ilimradi unga usagwe ukawa laini kabisa na usuuzwe vizuri.

Ndimu ni habari nyengine kabisa. Ushauri wa kupaka maji ya ndimu usoni ili kukausha chunusi na kuondoa madoa umeenea kutoka Mombasa hadi Muscat, na ni ushauri mbaya. Tindikali ya ndimu ni kali mno kwa ngozi, na maganda na maji yake yana viini ambavyo vikipigwa na jua huiunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayodumu kwa wiki au miezi. Magadi ya kupikia nayo yana madhara ya upande wa pili kwa kuwa ni alkali. Dawa ya meno inayowekwa juu ya chunusi usiku hukausha kweli, ila mara nyingi huondoka na ngozi.

Je, kipi basi kinachofaa? Madaktari hupendekeza kioshea uso kisicho sabuni halisi, cha maji maji au krimu, kisicho na manukato, ambacho kipimo chake cha tindikali kiko karibu na ule wa ngozi. Vioshea vya aina hiyo si vitu vigeni. Vipande vya kwanza vya kuogea visivyo sabuni viliingia katika maduka ya Marekani katika miaka ya 1950. Katika maduka ya dawa ya Muscat vimejaa, vya bei ghali na vya bei nafuu, na bei si kipimo cha upole wake. Chenye gliserini au seramidi husaidia kuhifadhi unyevu. Chenye sodiamu laurili salfeti kwa wingi ni cha kuepukwa: kiini hicho ndicho wanachokitumia watafiti maabara wanapotaka kuiwasha ngozi kwa makusudi ili waipime. Neno asilia likiandikwa kwenye chupa halina dhamana yoyote, kwani upupu pia ni wa asili.

Jioni ndiyo wakati muhimu zaidi, kwa sababu ya jasho, vumbi, wanja na vipodozi vya mchana. Mikono huoshwa kwanza. Uso hurowekwa kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi. Maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi na kuzidisha wekundu, na ndiyo maana habari ile ya tangi la juu ya paa ni ya maana. Asiyekuwa na hita ya kuzima anaweza kuteka maji katika ndoo asubuhi na kuyaacha ndani. Kioshea cha kiasi cha punje ya kunde kinatosha, kikapakwa kwa ncha za vidole kwa nusu dakika hivi, bila ya kitambaa cha kusugulia wala brashi. Kisha husuuzwa vizuri, hasa pembezoni mwa nywele na chini ya taya, mahali ambapo masalio ya povu hubaki na kusababisha vipele vinavyodhaniwa kuwa ni chunusi mpya. Taulo liwe la mtu peke yake na la kugongeshea, lisiwe la kufutia. Ngozi ikiwa bado na unyevu hupakwa krimu nyepesi isiyozibisha vinyweleo. Mwenye chunusi hudhani kuwa krimu itamwongezea mafuta, ilhali ngozi iliyokaushwa huzidi kuwasha na hushindwa kuzistahimili dawa.

Asubuhi, mwenye ngozi kavu anaweza kutosheka na maji tu. Baada yake hufuata krimu ya kujikinga na jua, ya kiwango cha 30 au zaidi. Katika ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, kila chunusi huacha nyuma yake doa, na jua hulifanya doa hilo likolee. Zile krimu zilizotiwa rangi ya madini ya chuma huwafaa zaidi wenye ngozi hizo: haziachi weupe wa chokaa usoni, na huzuia pia ile sehemu ya mwangaza wa kawaida inayoyachochea madoa.

Mafuta ya nywele nayo hayapaswi kusahaulika. Mafuta ya nazi yanayopakwa kichwani huteremka pamoja na jasho hadi kwenye paji la uso, na chini ya mtandio au kofia hubanwa hapo mchana kutwa. Mwenye vipele vilivyojipanga kandokando ya nywele aanze kuchunguza hapo kabla ya kubadilisha kioshea. Kofia na mitandio inayogusa ngozi ifuliwe mara kwa mara.

Utaratibu huu peke yake huenda usiondoe chunusi zote. Kazi yake ni kuituliza ngozi ili dawa iweze kufanya kazi. Miongoni mwa dawa zinazopatikana bila ya taabu ni benzoili peroksaidi, na inafahamika kuwa ile ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, huku ikiwasha kidogo zaidi. Anayeitumia ajihadhari na nguo: huchujisha rangi ya taulo, foronya na hata shingo ya buibui jeusi. Adapalini na tindikali ya salisili pia hutumika. Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza chini ya taya kwa siku kadhaa, na visianzishwe viwili kwa pamoja, kwani uso ukiharibika haitajulikana mkosaji ni nani. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Wengi huacha katika wiki ya tatu.

Na ni katika wiki hiyo ya tatu, mtu akiwa amekata tamaa, ndipo hutokea rafiki au jamaa mwenye kikopo kisicho na maelezo. Tanzania huitwa mkorogo. Katika Ghuba huja kwa majina ya kupendeza. Krimu hizo hung'arisha uso na kukausha chunusi kwa siku chache, na hapo ndipo panapostahili shaka, kwa kuwa baadhi yao zimetiwa steroidi kali. Steroidi hunyamazisha uvimbe kwa muda, kisha huidhoofisha ngozi, huchomoza vijishipa na kuleta chunusi za aina yake zinazolipuka kila krimu inapoachwa. Nyengine zina haidrokwinoni isiyosimamiwa na daktari, au zebaki, sumu inayodhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa Japan mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mpaka kwa vipodozi vyenye zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kikisamehewa. Hata hivyo bidhaa hizo bado husafiri katika mabegi ya wasafiri. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla bila ya kuonana na daktari.

Si kila kipele ni chunusi, na hili katika nchi za joto hupotosha wengi. Vipele vidogo vya ukubwa mmoja vinavyowasha sana, kwenye paji la uso, kifua na mgongo, vinavyozidi wakati wa jasho, mara nyingi husababishwa na fangasi wanaoishi katika vinyweleo. Dawa za kuua bakteria huvizidisha badala ya kuviponya. Wekundu wa kudumu wa mashavu unaopanda kwa joto au pilipili ni maradhi mengine tena. Chunusi kubwa zenye maumivu, zinazoacha mashimo, au zinazoambatana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni, zinahitaji uchunguzi.

Muscat ina madaktari wa ngozi katika hospitali za serikali, ikiwemo ya Al Nahdha, na katika zahanati nyingi za binafsi. Afrika Mashariki ni wachache, lakini kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Daktari anaweza kuandika vidonge vya isotretinoini kwa chunusi sugu. Vidonge hivyo huharibu mtoto tumboni, kwa hivyo mwanamke anayevitumia, hasa aliyeolewa au anayekaribia kuolewa, lazima azungumze wazi na daktari kuhusu uzazi, na asivipokee kutoka kwa mwenzake.

Suala la harusi lina uzito wake, kwani ndilo linalowapeleka mabinti wengi kwa daktari wakiwa wamebakiwa na siku kumi. Kwa muda huo kinachowezekana ni kuituliza ngozi tu: kioshea laini, krimu, na kutochokoa chochote. Anayetaka mabadiliko ya kweli inampasa aanze kiasi cha miezi mitatu kabla. Ama singo, kungwi anaweza kuendelea nayo kama ada, kuanzia shingoni kushuka chini, huku uso akiuacha.